Uzoefu wangu na huduma ya kupima udongo na maji ya chini ya ardhi: karakana ya zamani, Shimanzi, Mombasa

Kiwanja chenyewe kilikuwa karakana ya malori: matangi mawili ya dizeli yaliyozikwa, piti ya kumwaga oili chafu, na kibanda kilichokuwa kikivunjiwa betri. Kampuni niliyoipa kazi ya kukipima naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota hizo wamezipata hasa kwa kuielewa bahari. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango, na karibu na ufuo maji ya visimani hupanda na kushuka pamoja na bahari. Wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, bahari inapojaa na kupwa zaidi), tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Anayepima kina cha maji mara moja tu, saa yoyote aliyofika, anaweza kuchora mshale unaoonyesha uchafu unakwenda bara ilhali unaelekea bandarini. Hawa waliteremsha vifaa vinavyojirekodia kina cha maji katika visima vyote vya uchunguzi walivyochimba, vikakaa saa 71 mfululizo, ndipo wakatoa wastani uliochuja mawimbi ya kujaa na kupwa. Vichwa vya visima navyo vilipimwa urefu na mpima ardhi, kwa sababu mteremko wa maji ni mdogo sana. Ukikosea sentimita 2, mwelekeo wote unaweza kugeuka. Visima vitatu ndio uchache wa kujua maji yanakwenda wapi. Walichimba vinne, kimoja kikiwa upande yanakotoka maji, ili uchafu wa jirani usije ukaandikwa kwa jina lako.

Ujenzi wa visima ulikuwa safi. Bomba la PVC la milimita 50, sehemu yenye nafasi za kupitisha maji ikianzia juu ya kiwango cha maji kujaa na kushuka chini ya kiwango cha kupwa. Dizeli huelea. Nafasi zote zikizama, mafuta hubaki nje ya bomba na kisima kitaonekana kisafi. Kuzunguka bomba waliweka kokoto ndogo, juu yake bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa) ya kuzuia maji ya mvua yasishuke na uchafu wa juu. Kwenye matumbawe mfuko mzima wa kokoto unaweza kutoweka pangoni, kwa hiyo walipima kina kwa utepe wa kupimia kila baada ya mfuko. Mwangalie fundi wako kama anafanya hivyo.

Nyota moja imepotea kwenye udongo. Mashimo ya kando ya matangi yalichimbwa kwa upepo wa kompresa. Upepo huo unafukuza benzini na mivuke mingine kabla sampuli haijafika mkononi, na kompresa isiyo na chujio hutema oili yake mwenyewe shimoni. Nilizikataa sampuli hizo, wakarudia kwa bomba la kukata udongo ukiwa mzima. Jambo jingine: kifaa cha kunusa mvuke kikisoma kidogo kwenye udongo wa dizeli, usifurahi. Dizeli haivukizi kama petroli, kwa hiyo udongo uliojaa mafuta unaweza kutoa namba ndogo. Lazima maabara ithibitishe.

Penye kibanda cha betri walifanya vizuri. Risasi, metali ya kwenye betri, hushikamana na udongo wa juu, kwa hiyo walichukua sentimita 10 za kwanza, kila sehemu na mfuko wake, wakapima papo hapo kwa kifaa cha eksirei cha mkononi na kupeleka sehemu ya sampuli maabara kulinganisha. Kampuni za bei rahisi huchanganya sampuli tano ziwe moja. Sehemu moja yenye sumu kali inazimuliwa na nne safi, na mtoto atakayecheza hapo hachezi kwenye wastani. Watu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 kwa ajili ya sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Nani Mombasa anahitaji kuelezwa zaidi? Kwa udongo wa makazi, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari mwaka 2024 kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo.

Maji waliyavuta polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, mpaka pH (kipimo cha uasidi) na chumvi zikatulia. Sampuli ya metali ilichujwa kwa chujio lenye matundu ya mikroni 0.45 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kisha ikatiwa asidi ya naitriki. Ya benzini ilijazwa kwenye chupa za mililita 40 bila kapovu ka hewa, zikawekwa kwenye barafu. Zikiwa zimetiwa asidi, ziwe zimepimwa ndani ya siku 14.

Mwambieni mpimaji mapema kwamba maji yenu yana chumvi. Maabara huyazimua ili mashine isisumbuke, na kiwango cha chini inachoweza kuona hupanda. Shirika la Afya Duniani linaweka risasi kwenye maji ya kunywa 0.01 mg/L. Jibu la «haikuonekana» kutoka kwa mashine isiyoona chini ya 0.05 halina maana yoyote. Andikeni kwenye mkataba kiwango cha chini ambacho mashine lazima ikione, pamoja na sampuli moja ya marudio kwa kila kumi na chupa ya maji safi inayosafiri na sanduku ili kuonyesha kama uchafu uliingia njiani. Matokeo ya chupa hiyo hayakuwa kwenye ripoti yangu mpaka nilipoyadai.