Waliniambia maumivu ndiyo dalili kwamba waya unafanya kazi

Naandika nikiwa bado na waya wa kupanga meno mdomoni, na hasira bado ninayo. Bei sitaizungumzia, wala viti vya pale mapokezi. Nazungumzia alasiri moja tu katika kliniki ya meno niliyokuwa natibiwa hapa Dar es Salaam, ile alasiri daktari alipokaza.

Niseme haki kwanza. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri: waya mwembamba, unauma siku mbili tatu, halafu unatulia. Kuna nesi wao mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa ananiwekea nta kwenye ncha inayochoma shavu na kuniambia, "Pole mwanangu, ikichoma tena njoo hata kama siyo siku yako." Meno ya mbele yalijipanga hadi wanafunzi wangu wakaona.

Kisha niling'olewa magego madogo mawili ya juu, ili chonge zipate pa kurudi nyuma. Siku ya kuanza kuzivuta nikataja harusi ya mdogo wangu, kwamba ningefurahi pengo likiwa limepungua kufikia hapo. Daktari akasema, "Usijali dada, leo tunakaza kweli kweli tuwahi." Akatoa waya mwembamba, akaweka mnene, akafunga mnyororo wa raba kutoka gego la nyuma hadi kwenye chonge, na ili uvute zaidi akaruka matundu mawili ya mnyororo. Taya lilikakamaa kabla sijashuka kwenye kiti.

Usiku ule sikulala. Uliofuata pia. Najua waya ukikazwa unaleta uchungu: huanza baada ya saa chache, hufika kileleni kesho yake, na ndani ya wiki hivi huwa umekwisha. Huu haukwisha. Wiki mbili nilikunywa uji wa ulezi, na ugali niliuweza kwa mlenda tu. Fizi juu ya chonge ya kushoto ilivimba, nikawa nafundisha nimeshika shavu.

Nilirudi siku ya tano au ya sita hivi. Daktari alikuwa anamhudumia mtu mwingine, mlango wazi. Hakunitazama mdomoni. Akaniambia pale pale, watu wakisikia, "Mtu mzima unalia kwa ajili ya waya? Maumivu ndiyo dalili kwamba unafanya kazi. Usipouma ujue umetupa hela zako." Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Dada wa mapokezi akaniandikia ibuprofeni, kutwa mara tatu, bila kusema niache lini. Nikazimeza wiki nzima na nusu.

Na nikamwamini! Mtu aliyelelewa akiambiwa mvumilivu hula mbivu, akiambiwa na daktari kwamba kuuma ni kupona, atafanya nini? Nilivumilia miezi miwili. Chonge hazikusogea hata unywele. Pengo lilipungua, ndiyo, lakini lilipungua kutoka nyuma: magego ndiyo yaliyokuja mbele, yaani meno yaliyotakiwa kukaa kama nguzo.

Hayo aliniambia daktari mwingine, mama mmoja mtulivu katika hospitali nyingine, nilipokwenda nikitaka tu anitoe waya wote. Alichukua kidole changu, akabonyeza ukucha hadi ukawa mweupe. "Umeona damu ilivyokimbia? Mzizi wa jino lako umefanyiwa hivi hivi." Akaeleza kwamba jino halikugandishwa kwenye mfupa, limening'inizwa kwa nyuzi katika upenyo wa kama robo ya milimita. Ukilisukuma polepole, damu inaendelea kupita, chembe zinazokula mfupa zinafika ukutani, na jino linasogea, kama milimita moja kwa mwezi. Ukilisukuma kwa nguvu nyingi, mishipa inabanwa, nyuzi zinakufa, na upande ule hakuna chembe hai ya kula mfupa. Jino linakwama wiki kadhaa, mpaka chembe nyingine zichimbe kwa nyuma, kutoka ndani ya mfupa. Gego lenyewe lina mizizi mikubwa, nguvu ile ile ikitawanyika juu yake inakuwa kipimo chake hasa. Ndiyo maana likasogea lenyewe.

Akakata kipande kipya cha raba, akakivuta urefu ule ule kwenye kipimo chake kidogo cha springi. Kilisoma zaidi ya gramu 300. Yeye chonge huivuta kwa 100 hadi 150.

Nilikwenda kusoma mwenyewe, na hapo ndipo hasira ilipozidi, kwa sababu hili si jambo jipya. Mwaka 1932 Schwarz, daktari wa meno wa Austria, alishasema nguvu inayofaa isizidi msukumo wa damu katika mishipa midogo kabisa, gramu 20 hadi 26 kwa kila sentimita ya mraba ya mzizi. Mwaka 1952 watafiti Storey na Smith, huko Australia, waliripoti nguvu kubwa ikisogeza magego badala ya chonge. Hayo ni yaliyonipata mimi, yameandikwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Hata ile ibuprofeni. Mwili ukisukumwa jino hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, hizo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu, na hizo hizo ndizo zinazoita chembe za kula mfupa. Dawa ile huzipunguza, kwa hiyo ukiimeza kwa wiki unaweza kuichelewesha kazi yenyewe. Daktari wangu wa sasa hutoa paracetamol, siku mbili za kwanza, basi.

Eksirei mpya inaonyesha ncha ya mzizi wa jino moja karibu na chonge imefupika. Mzizi ukiliwa haurudi. Daktari ni mkweli, aliniambia hata nguvu ndogo huweza kula mzizi kidogo, na kuna watu mizizi yao ni myepesi kuliwa tangu kuzaliwa. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni alasiri ile. Labda nawaonea kidogo. Pengine ukienda kwa kupanga meno ya mbele tu, waya mwembamba, utatoka umefurahi kama mimi miezi ile, na nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu.

Lakini siku ile ya uvimbe mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimesimama pale. Dakika moja ya kutazama ingetosha, na raba ile ingekatwa kwa mkasi. Nyota moja, na hiyo ni ya nesi.

Sasa nina raba laini. Inauma siku moja, ya pili nakula wali. Chonge zimeanza kurudi nyuma, na mimi mwenyewe naweza kuingiza ukucha palipokuwa pamebana. Harusi imepita, na katika picha zote nimefunga mdomo.

Eksirei zangu za mwanzo bado wanazo wao. Nimeziomba mara tatu, naambiwa mwenye ufunguo wa kabati hayupo. Daktari wangu anazihitaji apime mzizi ule ulikuwa na urefu gani kabla.