Sindano ya mgongo au nusu kaputi?

Wajawazito wanaosubiri upasuaji huuliza hili kila mara. Sindano ya mgongo hutia ganzi mizizi ya neva inayotoka kwenye uti wa mgongo: miguu inakuwa mizito kama magogo, maumivu hayafiki kwenye ubongo, lakini mama yu macho na anamsikia mwanawe akilia. Hilo kwangu ni kubwa. Dawa yake ni kidogo. Ila presha huweza kushuka ghafla, na wengine huumwa kichwa siku kadhaa.

Nusu kaputi huulaza ubongo wenyewe. Hushika haraka, lakini lazima mpira upitishwe kooni kulinda pumzi, na mtoto anaweza kuzaliwa amelegea kwa usingizi.

Kama hakuna haraka, ningeegemea mgongo. Damu ikitoka nyingi au haigandi vizuri, nusu kaputi.