Uzoefu wangu: bastola kubwa ya .45 niliyoibadilisha kuwa 9mm kwa ajili ya mashindano

Wakuu habari, kuna watu wameniuliza sana kuhusu hii seti ya kubadilishia kaliba ninayotumia, nimeona niandike yote hapa maana kwa WhatsApp nachoka kurudia. Bastola yenyewe ni Tanfoglio ya fremu kubwa, chuma tupu, ya Kiitaliano, ilikuja na kaliba (kipimo cha upana wa risasi) ya .45 ACP. Ni ukoo wa CZ 75, bastola ya Kicheki, ile ambayo slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) inatembea ndani ya fremu badala ya kuifunika kwa nje, na huyu bingwa wa dunia wa mashindano ya bastola, Mfaransa Eric Grauffel, kwa miaka mingi alikuwa anapiga na Tanfoglio kwa hiyo sio chuma cha kubahatisha.

Kwa nini nibadilishe sasa. Kwanza risasi. Huku Dodoma kupata .45 ni kazi kweli kweli, unasubiri mzigo, unapiga simu Dar, unaambiwa wiki ijayo, na ukizipata bei inakukata hamu ya mazoezi, unapiga magazini moja unafunga begi. 9mm ndio kaliba ya watu wengi, zinapatikana na ni nafuu. Na mtu hawezi kuwa mzuri kwenye mashindano kwa kupiga risasi chache za kuhesabu.

Seti inakuja na slaidi kamili, mtutu, spiringi na kijiti chake, pamoja na magazini. Watu wananiuliza kwa nini usinunue mtutu peke yake, jibu ni kwamba kitako cha ganda la .45 ni kipana, milimita 12 na kidogo, cha 9mm hakifiki hata 10, kwa hiyo uso wa slaidi na ile kucha inayovuta ganda haviwezi kushika vyote viwili. Wenye 10mm na .40 wao kitako ni kile kile ndio maana unasikia wanabadilisha mtutu tu, sisi wa .45 lazima slaidi nzima. Ila kuna faida yake, slaidi ya 9mm ina saiti zake (vile vya kulengea), ukishazirekebisha ndio imetoka, hata ukirudisha .45 kesho ukaweka tena 9mm keshokutwa ziro yako, yaani ule ulinganifu wa saiti na pale risasi inapotua, iko pale pale.

Kabla ya kulipa hata shilingi nilianzia polisi, na wewe fanya hivyo. Leseni imeandikwa kaliba, na risasi unauziwa kwa hiyo kaliba, sheria ya silaha ya 2015 haina mchezo. Usije ukaagiza mtutu kama unaagiza simu mtandaoni. Mimi niliandika barua, nikaeleza ni kwa ajili ya shabaha, nikasubiri mpaka ikaingizwa kwenye kumbukumbu zao, ndipo duka lenye kibali likaniagizia. Hapo kwenye duka ndipo nilipokereka, tulikubaliana magazini mbili, imekuja moja, na ya pili nikaambiwa nilipie upya eti bei imepanda. Nimelipa kwa sababu kwenye mashindano bila magazini za akiba huna unachofanya, lakini sikupenda hata kidogo, na mkiagiza andikishianeni kila kitu.

Sasa kwenye kupiga. Hii bastola ni nzito, na ule uzito uliotengenezwa kubeba .45 ukiupa 9mm teke linakuwa dogo mno, mdomo haunyanyuki, saiti ya mbele inaruka kidogo na kurudi kwenye shabaha yenyewe kabla hujafikiria. Kuna afande mstaafu tunayepiga naye, mtu mzima, viganja vimeanza kumuuma, nikamwambia Afande shikamoo, hebu jaribu hii. Akapiga mbili mbili kwenye karatasi, akaiangalia, akasema, "Kijana, hii sasa ndio ya kukimbia nayo." Na toka siku hiyo kila tukikutana anaiulizia yeye kwanza kabla ya kuniuliza hali ya nyumbani.

Lakini kuna gharama yake kwenye pointi na hapa watu wengi hawaambiwi. Kwenye IPSC, yaani haya mashindano ya kimataifa ya kupiga kwa shabaha na kasi, nguvu ya risasi unaipata kwa kuzidisha uzito wa kichwa chake (kwa greni, kipimo kidogo cha uzito) na kasi yake (kwa futi kwa sekunde), halafu unagawa kwa 1,000. Ile .45 yangu ya greni 230 ikienda 830 inatoa 190, kwenye daraja la Standard ukitaka kuhesabiwa Major, yaani risasi ya nguvu kubwa, wanataka 170, umepita bila jasho. 9mm ya greni 124 ikienda 1,050 ni 130 tu, hiyo ni Minor, ya nguvu ndogo, na kwenye Standard hata ukiipandisha haitakuwa Major kwa sababu kaliba yenyewe lazima ianzie 10mm. Karatasi ya shabaha ina maeneo matatu: Alfa, la katikati, ni pointi 5 kwa wote, ila Charlie linalofuata Major anapata 4 Minor anapata 3, na Delta la pembeni 2 kwa 1. Chukua stage (kituo kimoja cha mashindano) ya karatasi sita, risasi kumi na mbili, umepiga Alfa nane na Charlie nne: Major ana 56, Minor ana 52. Pointi zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, kwa hiyo kama Major katumia sekunde 10, wewe wa Minor lazima umalize kwa 9.3 hivi ndio mlingane. Mimi hizo sekunde nazipata, kwa sababu risasi ya pili inatoka mapema na sibadilishi magazini mara kwa mara kama ile .45 inayobeba kumi. Ila kama Charlie zako ni nyingi kuliko Alfa baki na .45 yako kwanza ujifunze kulenga, seti haitakusaidia.

Jambo la vumbi. Mnalijua vumbi la Dodoma, ikifika Agosti upepo unavuma mpaka meno yanasaga mchanga. Kwa sababu slaidi inatembea ndani ya fremu, reli zake ziko kwa ndani, na ukipaka grisi nzito ile vumbi nyekundu inaganda inakuwa kama ugali wa mtama kwenye sufuria, slaidi inarudi kwa uvivu na ganda linakwama mlangoni. Spiringi ya 9mm ni laini kuliko ya .45, haina nguvu ya kulazimisha. Mafuta mepesi, matone machache, na kitambaa mfukoni kila baada ya stage, magazini zilizoanguka chini unazikung'uta kabla ya kujaza tena. Toka nifanye hivyo haijakwama.

Bei: ukijumlisha seti, ushuru na magazini za ziada unakaribia kabisa bastola ya 9mm ya kawaida, na kwa mtu anayeiweka nyumbani kwa ulinzi sioni sababu. Kwa mimi imelipa, triga ni ile ile niliyoizoea, mshiko ule ule, mkono haujifunzi upya. Nyota nne kwa seti, hiyo moja nimeikata kwa sababu magazini za fremu kubwa ni ghali na za kutafuta, na hivi sasa nasubiri nyingine mbili, safari hii kwa duka jingine.