Uzoefu wangu: Bizagi Modeler na foleni ya wagonjwa wa nje

Kama kila kikao cha idara yenu ya wagonjwa wa nje kinaishia kwenye "tuongezewe daktari", ijaribuni kwanza Bizagi Modeler, programu ya kompyuta ya kuchora hatua za kazi na kuzijaribu, kabla ya kuandika barua ya kuomba mtumishi. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha ubora wa huduma katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, Tanzania. Nimeitumia kuchora na kuchunguza safari nzima ya mgonjwa, tangu mapokezi hadi dirisha la dawa, na imebadilisha kabisa namna tunavyobishana kuhusu foleni.

Kuipakua ni bure. (Mfumo wao mkubwa wa kuendesha kazi zenyewe ndio wa kulipia, nasi hatukuuhitaji.) Unachora kwa alama za BPMN, yaani alama za pamoja zinazotumika duniani kuchora hatua za kazi: duara ni mwanzo au mwisho, mstatili ni kazi, almasi ni pale njia inapogawanyika, na kila idara ina mstari wake. Watu wa masijala na maabara hawakuhitaji mafunzo, walianza kunisahihisha papo hapo. "Sista, hapo umeruka, huyu wa fedha taslimu anarudi tena kwa keshia." Kweli anarudi. Analipia kumwona daktari, analipia vipimo, analipia dawa, na kila malipo yana foleni yake. Kila mmoja alikijua kipande chake. Njia yote hakuna aliyekuwa ameiona kwa pamoja.

Uzuri wake hasa uko kwenye sehemu ya kuiga kazi inavyokwenda. Ina ngazi nne. Ya kwanza inakagua kama mchoro umeungana sawasawa. Ya pili inahesabu muda kana kwamba watumishi hawana idadi. Ya tatu unaingiza watumishi mlio nao, na hapo ndipo foleni zinajitokeza. Ya nne inaongeza zamu na mapumziko ya chai. Linganisheni matokeo ya ngazi ya pili na ya tatu: ile tofauti ni kusubiri kutupu, muda ambao mgonjwa hahudumiwi na mtu yeyote.

Tulipomwongeza daktari mmoja kwenye mfano wetu wa kompyuta, foleni ya mlangoni kwake ilipungua na ya maabara ikavimba. Kumbe mgonjwa anaingia kwa daktari mara mbili, kwanza kujieleza, kisha na majibu, na ile mara ya pili alikuwa anarudi mwisho wa foleni ileile. Tena majibu yalikuwa yanangoja yawe mengi ndipo yapelekwe kwa pamoja. Kipimo cha haraka cha malaria kinasomwa ndani ya dakika 15 hadi 20. Mama aliyebeba mtoto anayechemka homa hapaswi kukaa asubuhi nzima kwa sababu karatasi hazijatosha kubebwa.

Basi daktari hatukuomba. Majibu yanapelekwa kila yanapotoka, chumba kimoja kimetengwa kwa wanaorudi na majibu, na dirisha la pili la malipo linafunguliwa asubuhi wakati wa msongamano. Mganga mfawidhi alikubali baada ya kuona hali mbili zikilinganishwa kwenye skrini, ya sasa na ya pendekezo. Wengi waliokuwa wakiondoka alasiri sasa wanaondoka kabla ya adhuhuri.

Mjue tu kwamba programu hii haipimi chochote yenyewe. Muda mnauingiza ninyi. Sisi tulimpa kila mgonjwa kikaratasi, kila dirisha likaandika saa aliyofika na saa aliyotoka. Penye mfumo wa kompyuta unaotunza muda, chukueni humo. Kisha hakikini kwa kanuni aliyoithibitisha mtafiti John Little mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara saa wanazokaa. Wakiwamo 60, na 20 wakiingia na kutoka kila saa, kila mmoja anakaa wastani wa saa 3. Mfano ukitoa jibu la mbali na hapo, rudini kwenye vikaratasi, kwani huenda kuna muda umeandikwa vibaya.

Sasa tunachora kliniki ya kisukari, ambako wote huandikiwa kufika saa mbili asubuhi. Nataka kuona kwanza kwenye mfano kipi kitawasaidia zaidi, kuwagawa kwa saa au kuongeza mtu wa kupima sukari, kabla hatujagusa kadi zao.