Wamehamisha chaneli ya Mzee bila hodi

Nianze na nyota za king'amuzi chetu: moja. Na hiyo moja ni ya fundi aliyepanda juu ya bati letu hapa Ujiji jua la saa saba, akafunga dishi likatulia, upepo wa ziwani haujalisogeza hata siku moja. Kampuni ya king'amuzi siitaji, wenyewe watajijua. Kama umekuja kutafuta kina chaneli ngapi na kifurushi shilingi ngapi, vyote vimeandikwa kwenye boksi. Mimi nina jambo moja tu.

Baba yangu ni mstaafu wa meli. Amefanya kazi bandarini Kigoma na ndani ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, na Kiingereza chake alikiokota humohumo majini, kwa mabaharia na watalii. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, kwa hiyo rimoti anaisoma kwa kidole. Namba kwenye vitufe zilishafutika siku nyingi, na betri zimeshikiliwa na mpira wa kufungia noti. Anahesabu: chini kushoto, juu, katikati. Inaingia BBC. Kila jioni akishaswali magharibi anavaa kofia yake ya viua, anakaa kwenye kiti cha kamba, na mtangazaji akisalimia, naye anaitikia. Kwa sauti kabisa. Ukipita mbele ya televisheni wakati huo unaambiwa, "Mwanangu, watu wanazungumza."

Kwake yeye wale watangazaji ni sauti, sura zilishamfifia. Komla Dumor, yule Mghana mwenye sauti nzito, alipofariki Januari 2014, Mzee alikwenda barazani akasema tumefiwa. Wazee wakauliza, nani, wa mtaa gani?

Na barazani ndiko kwenye shughuli yenyewe. Asubuhi, kahawa na kashata zikishafika, wenzake wanamngoja yeye. "Haya, dunia imeamkaje?" Naye anawashushia ya London ya jana usiku kwa Kiswahili chake, chumvi kidogo hapa na pale. Tangu astaafu hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa jioni moja, mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, Mzee kahesabu vitufe vyake, badala ya habari ikaingia katuni. Panya anaimba. Akahesabu tena. Panya. Akadhani kidole kimeteleza. Aliendelea hivyo mpaka isha ikaadhiniwa, kisha akavua kofia, akaiweka gotini, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nadhani kichwa changu kimeanza kwenda."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na mpaka naandika hapa haijashuka.

Kumbe kampuni imepanga upya namba za chaneli, usiku, watu wamelala. Ujumbe walituma, wanasema. Ulikwenda kwenye laini iliyosajiliwa, ambayo ni ya kaka yangu aliyehamia Kasulu na laini yenyewe hana tena. Sawa, hapo kosa ni letu. Lakini mimi sikujua kwamba ni namba tu. Nilijua imeondolewa, maana tulishaungua: 2018 chaneli za bure za hapa nchini zilipotolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni, tulilala nazo, tukaamka hazipo. Ukiumwa na nyoka, hata ung'ongo unakushtua.

Nikaenda kwa wakala, Mwanga ya hapahapa mjini Kigoma. Nikamkuta kijana anakula ugali na mgebuka juu ya kaunta. Shikamoo hakunipa, si neno, siku hizi wanaitoa kwa kupima. Mkono hakunawa, namba ya kadi aliichapa kwa kidole kidogo cha mkono uleule, mafuta ya samaki yakibaki kwenye vitufe. Nikamweleza kuhusu Mzee, macho, jioni zake. Hakuinua uso.

"Mamaa, hiyo imepanda kifurushi cha juu. Ongeza hela."

Nikaongeza. Halafu, bila kuulizwa: "Na huyo mzee habari za wazungu anazitakia nini? Si umfungulie mieleka, alale?" Akamtazama mwenzake, wakacheka.

Mimi ni mtu wa kujibu, wanaonijua wanajua. Siku ile nilikosa neno. Jibu nimelipata usiku, kitandani, na nalirudia peke yangu mpaka leo nikiwa nachambua dagaa.

Nyumbani zikafunguka chaneli za mpira, nyingi, sijui za ligi gani. BBC hamna. Siku tatu Mzee hakwenda barazani, akasema magoti. Siku ya nne mtoto wa jirani, yuko darasa la nne, alikuja kuomba chumvi, akachukua rimoti, akapanda moja moja huku anatafuna muwa. "Hii hapa, bibi." Ilikuwamo siku zote, kwenye kifurushi kilekile cha chini. Wamesogeza namba tu. Yule kijana ama hakujua, ama alijua. Sijaamua lipi ni baya zaidi.

Niseme ukweli hata hivyo: picha haikatiki, hata mvua ya radi. Kwa hilo nilitaka kuwapa mbili. Halafu nikaukumbuka ule mkono wa mgebuka, nikarudi kwenye moja.

Tukamwashia. Akavaa kofia, akasikiliza habari mbili tatu, shingo kaikunja upande. Akauliza, "Bi Karini yuko wapi?"

Hili si la king'amuzi, naona haya kuwatupia na hilo. Nililisoma baadaye kwenye simu. Tarehe 3 Aprili 2023 BBC iliunganisha chaneli yake ya dunia na ile ya Uingereza, na watangazaji wakuu wakatajwa watano: Matthew Amroliwala, Christian Fraser, Yalda Hakim, Lucy Hockings na Maryam Moshiri. Karin Giannone, ndiye Bi Karini wa Mzee, hayumo. Yeye na wenzake watatu, Martine Croxall, Kasia Madera na Annita McVeigh, walikaa karibu mwaka mzima hawaonekani hewani, wakaenda kwenye baraza la kazi, na Machi 2025 wakamalizana na BBC kwa makubaliano. Watu waliosoma habari miaka nenda rudi! Mzee nilimwambia amekwenda likizo. Akasema, "Likizo ndefu hiyo." Nikanyamaza. Bahati nzuri Lucy Hockings alibaki. Sauti yake ilipoingia Mzee alipiga paja: "Aa, huyu wa zamani. Huyu tunafahamiana."

Barazani nao walikuwa na lao, maana Salim Kikeke, mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili, aliiacha BBC mwaka huohuo wa 2023 baada ya miaka kama 20. Lakini Kikeke alisema naondoka, watu wakasikia, wakamwombea heri. Bi Karini alitoweka kama mtu aliyekwenda sokoni. Na namba ya chaneli nayo vilevile. Unamhamishia mtu mlango wa nyumba yake usiku, asubuhi akijigonga ukutani unamwambia ulimtumia ujumbe.

Nimegandisha ushanga kwa gundi kwenye kitufe cha kwanza cha namba mpya. Mzee ameshaujua. Ila bado anaanza na namba ya zamani, kila jioni, sijui kwa mazoea au kwa ubishi. Panya anaingia, anaimba, Mzee anamwitikia salamu, ndipo kidole kinautafuta ushanga. Juzi jirani kaniambia barazani kuna mzee kauliza habari za yule panya.

Kifurushi kinaisha Ijumaa. Nitalipia, nifanyeje, lakini kwa simu. Kule Mwanga sikanyagi. Andikeni nyota mbili. Hapana, iacheni moja, na hiyo mpelekeeni fundi wa dishi.