Namba moja kwa pande mbili: huduma za kupima daraja la sarafu za fedha

Huduma za kupima sarafu, ambazo zinazojulikana zaidi ni PCGS (iliyoanza 1986) na NGC (iliyoanza 1987), zote za Marekani, hufanya kazi tatu: kuthibitisha kwamba sarafu si bandia, kuipa daraja kati ya 1 na 70, na kuifungia kwenye kasha gumu la plastiki. Kwa kazi ya kwanza na ya tatu zinastahili sifa. Tatizo liko kwenye ya pili, pale sarafu ya madini ya fedha inapokuwa imelika upande mmoja na mwingine bado una nakshi zake.

Kipimo hicho kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, na namba yake ni moja kwa sarafu nzima. Kwa kawaida upande wa mbele ndio wenye uzito. Nyuma ikiwa nzuri zaidi hainyanyui daraja sana, ila ikiwa mbovu sana inalishusha. Hivyo sarafu yenye VF30 (VF ni "Very Fine", nzuri sana) mbele na F12 (F ni "Fine", nzuri) nyuma inaweza kutoka na VF20, namba isiyolingana na upande wowote kati ya hiyo miwili. ANACS, huduma nyingine ya Marekani, ilipoanza kutoa madaraja mwaka 1979 iliandika kila upande peke yake, mfano MS-63/65 (MS ni "Mint State", sarafu isiyotumika), na wauzaji wa Uingereza hadi leo huandika VF/F, mbele ikitangulia. Utaratibu huo ni wa haki zaidi, na ni ajabu kwamba kampuni kubwa hazikuufuata. Kwa sarafu za Wayunani na Warumi, NGC huongeza alama mbili kati ya 5, moja ya ugongaji, yaani jinsi picha ilivyogongwa kwenye sarafu, na nyingine ya hali ya uso, lakini hata hizo ni za sarafu nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, ipime mwenyewe. Tumia taa moja yenye balbu ya kawaida. Mwanga wa bomba jeupe unaficha mng'ao. Anza na upande wa nyuma, andika daraja lake, ndipo ugeuze. Ukianza na mbele, macho yatakuwa yameshaamua. Lenzi ya mara 5 inatosha kwa daraja. Ya mara 10 iache kwa kutafuta mikwaruzo na dalili za ughushi.

Kosa linalogharimu zaidi ni kudhani kwamba kila palipo bapa pamelika. Dola za Morgan, sarafu za fedha za Marekani, zilizogongwa New Orleans mara nyingi zina nywele bapa juu ya sikio kwa sababu muhuri, yaani chuma kinachogonga picha, haukuzama vizuri. Inamishe sarafu huku ukiizungusha chini ya taa: kama mng'ao unapita juu ya sehemu hiyo bila kukatika, ni ugongaji hafifu. Palipolika, mng'ao hukatika kwanza kwenye vilele vya mchongo, na fedha hubaki na kijivu kilichofifia. Angalia pia sehemu iliyo mkabala upande wa pili. Mchongo uliozama sana kwenye muhuri mmoja huhitaji metali nyingi, na upande mwingine ukakosa ya kujaza nakshi zake.

Wakati mwingine lawama ni ya mchoraji. Robo dola ya Marekani iitwayo Standing Liberty ilitengenezwa na mwaka ulioinuka mno, ukawa unafutika mapema wakati tai wa nyuma bado anaonekana. Mwaka 1925 tarakimu zikashushwa ndani. Tofauti ya namna hiyo ni ya matumizi ya kawaida na haipaswi kukutia wasiwasi.

Ya kutia wasiwasi ni ile ya vito. Sarafu iliyovaliwa kama kidani husuguliwa upande mmoja tu, na thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye mwaka 1780 hata ikiwa imegongwa karne iliyofuata, imevaliwa sana. Kagua ukingo mzunguko mzima, hasa juu ya kichwa: tafuta lehemu, alama za tupa, au tundu lililozibwa. Kisha pima. Thaler hiyo inapaswa kuwa na gramu 28.07, Morgan gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Uzito ukizidi kidogo, shuku lehemu iliyobaki. Ukikuta dalili hizo usiitume, kwa maana itarudi na lebo ya "Details", yaani halisi lakini yenye kasoro, isiyo na namba, na ada imeshakwenda.

Huduma inafaa pale pengo kati ya pande linapokuwa daraja moja na sarafu ni ya thamani au inaghushiwa sana. Pengo likizidi hapo, picha mbili kali zilizopigwa chini ya taa ileile, pamoja na madaraja mawili yaliyoandikwa wazi, zitamsaidia mnunuzi kuliko lebo.

Anayenunua iliyokwisha kufungwa adai picha ya nyuma kabla ya bei, na aulize kuhusu ukingo, kwa kuwa baadhi ya makasha huuficha. Na mwenye sarafu asijaribu kuusafisha upande mchafu ili ufanane na mwenziwe: kitambaa na dawa ya meno huacha mistari myembamba inayoonekana mara tu taa inapoinamishwa.