Apache au Nginx kwa duka la leso?

Tuseme una mashine ya Linux yenye RAM ya gigabaiti 1, nawe wataka kuweka programu ya oda kwa muuza leso wa Biashara Street, hapa Mombasa. Wahitaji seva ya wavuti, yaani programu inayopokea maombi ya vivinjari na kurudisha kurasa: Apache au Nginx?

Apache ni kongwe, iko tangu 1995. Uzuri wake mkubwa ni faili la .htaccess: wabadilisha mpangilio wa folda moja bila kuigusa seva nzima. Kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kazi huisha haraka.

Nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev wa Urusi mwaka 2004, ina njia nyingine, na hapa ndipo penye uhondo. Apache katika mtindo wake wa zamani, prefork, huupa kila muunganisho mchakato wake. Wateja wakifurika mkesha wa Idi, RAM yaisha na mashine yakwama. Nginx ina michakato michache tu, kila mmoja ukihudumia miunganisho mingi, kama muuza kahawa anayezungusha vikombe bila kumngoja mnywaji mmoja amalize. Haina .htaccess, mabadiliko huandikwa kwenye faili za seva yenyewe. Tafadhali, yajaribu kwa `sudo nginx -t` kabla ya kupakia upya!

Programu ikiwa imeandikwa kwa Python au Node, Nginx hukaa mbele yake, ikapokea maombi kwenye poti 443 (ya HTTPS) na kuyapitisha kwa programu iliyo nyuma.

Mimi ningechukua Nginx. Lakini tovuti ya zamani ya PHP iliyojaa .htaccess iachie Apache, ila Apache yenyewe uihamishe kutoka prefork hadi mtindo wake mpya, event, pamoja na PHP-FPM, programu inayoendesha PHP kando ya seva.